Mpingaji Hana Swali

"Shauri la mirathi ya marehemu Ambokile Mwakisyala!" karani alipaza sauti mlangoni. "Mwombaji aingie! Mpingaji aingie!"

Apolonia, mjane wa marehemu, aliingia akiwa amejiandaa kupambana na shemeji yake. Wiki nzima alikuwa akiyapanga kichwani maswali ya kumuuliza Lusekelo, na Lusekelo alikuwa mtu anayemmudu. Walikuwa wametaniana miaka mingi kama shemeji na shemeji, na baada ya arobaini ya Ambokile walikaribia kukunjana kwa ajili ya funguo za nyumba ya Ilomba. Kaka yake Apolonia, Liberatus, aliyekuja kutoka Mlandege, Iringa, alikuwa amemsikiliza akiyarudia maswali hayo mpaka yakanyooka.

Lakini aliyesimama upande wa mwombaji hakuwa Lusekelo. Alikuwa baba yake, mzee Yotamu Mwakisyala, ndani ya koti la suti lililonyooshwa, kofia mkononi. Apolonia alimwona mara moja tu, kisha akageuka akatazama ukuta.

Hakimu, mama mmoja wa makamo aitwaye Veneranda, alifungua faili. "Hapa imeandikwa mwombaji ni Lusekelo. Wewe nani?"

"Mheshimiwa, mimi ndiye baba mzazi wa marehemu. Ukoo umekaa tena, umeona nisimame mimi."

"Mpingaji, una neno juu ya mabadiliko hayo?"

Apolonia alitikisa kichwa, uso ukiwa bado ukutani.

"Mama, mahakama inaandika maneno, haiandiki kichwa. Una neno au huna?"

"Sina."

Hakimu akaandika. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuondoka, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ameshughulika kutazama rangi ya ukuta.

Asiyewajua Wanyakyusa wa zamani atadhani mwanamke huyu alikuwa na kichaa. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe. Hapishani naye njiani. Akimsikia anakohoa, anachepuka migombani na kuinama mpaka apite. Hali naye, hasemi naye, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake jikoni. Na mkwe naye anatakiwa ampishe mkamwana, asimsemeshe wala asimkabili. Mjini siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanakaa sebule moja na wakwe zao wanatazama tamthilia. Ila Apolonia hakuwa Mnyakyusa. Alikuwa Mhehe, Mkatoliki wa Iringa, aliyeolewa na watu ambao mwanzoni walimwita "yule wa kuja". Akataka kupendwa. Akaishika mila ya wenzake kwa mikono miwili kuliko wenye mila. Siku moja kwenye jumuiya alipewa somo la kusoma, akalikuta jina la mfalme Yothamu limekaa katikati ya mstari. Akampa kitabu jirani yake akasingizia macho. Habari hiyo ilipofika Tukuyu kwa wakwe, mama mkwe aliisimulia sokoni kwa fahari. Huyo ndiye mkamwana, alisema, siyo hawa wenu wa suruali.

Wazo la kubadilisha mwombaji hakulizaa mzee Yotamu. Lilizaliwa kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya mahakama, kwa Obeid, wakili kishoka ambaye hakuwahi kulivuka geti la chuo cha sheria lakini alivaa tai kila siku ya kazi na kuwaandikia watu madai juu ya meza yenye vikombe vya chai.

"Lusekelo hatamweza yule mwanamke," Obeid alisema. "Ana mdomo, na swali la nani alimlipa fundi litamwua. Mzee, mkamwana wako anakuheshimu?"

"Sana. Hata kivuli changu hajawahi kukikanyaga."

Obeid aliweka kikombe chini. "Basi simama wewe."

"Nisimame naye? Uso kwa uso?" Mzee alishtuka, na huo ndio ulikuwa mshtuko wake wa mwisho wa kweli katika shauri hili. "Hiyo ni aibu kwangu pia."

"Mzee wangu, Mwingereza alipotuachia hizi mahakama alituachia na utaratibu wake. Hakimu hatafuti ukweli kwa tochi. Anakaa katikati kama refa. Wewe unasema, mwenzako anakuuliza maswali. Asipokuuliza, maana yake amekubali ulichosema. Sasa niambie, huyo atakuuliza?"

Mzee Yotamu akaagiza chapati.

Siku hiyo ya kwanza alitoa ushahidi vizuri sana, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine. Alisema nyumba ya Ilomba ni yake. Alisema aliuza ng'ombe wake huko Rungwe, akampa mwanawe fedha anunue kiwanja na ajenge, ili mzee akiugua awe na mahali pa kufikia karibu na hospitali. Marehemu alikuwa mwangalizi tu. Na huyu mwanamke, alisema bila kumtaja, alishamkimbia mwanawe kabla hajafa, akarudi kwao Iringa.

Uongo mtupu. Mzee yule hakutoa hata msumari. Kiwanja kilinunuliwa kwa dhahabu ya Makongolosi, ambako Ambokile alikuwa akishuka mashimoni mpaka kifua kikamharibika. Apolonia ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba ya Joyness, mtoto wao wa mwisho. Iringa alikwenda kweli, kumuuguza mama yake, na Ambokile ndiye aliyemsindikiza stendi. Aliyewauzia kiwanja, mzee mmoja wa Kisafwa, alishakufa, na mauziano yao yalikuwa ya mdomo mbele ya majirani ambao sasa kila mmoja alikuwa na safari.

Hakimu alimgeukia Apolonia. "Mpingaji, una maswali kwa shahidi?"

Maswali aliyokuwa nayo yalitosha kumvua mzee yule koti mbele ya watu. Ng'ombe wangapi? Mnada gani? Nani alinunua? Swali moja tu lingetosha, maana mzee hakuwa ameandaa jibu hata la moja. Obeid alimwambia halitahitajika. Lakini kumuuliza kulitaka amtazame, amsemeshe. Nyuma yake alisikia mabenchi yakilia. Mama mkwe alikuwa amekaa pale na mashangazi, wote wakimwangalia yeye, si mzee aliyesema uongo.

"Dada, uliza!" Liberatus alinong'ona kwa nguvu.

"Wewe huko nyuma," hakimu alisema, "ukitaka kusema tafuta joho uje usimame mbele. Mpingaji, nauliza mara ya mwisho."

"Sina swali, mheshimiwa."

Kulikuwa na wazee wa baraza wawili waliokaa na hakimu, na mmoja wao alikuwa mama Ikupa, mwalimu mstaafu, Mnyakyusa wa Tukuyu. Huyu alielewa. Alielewa tangu Apolonia alipogeukia ukuta, na alijua kwamba mzee Yotamu, kwa kusimama pale tu, alikuwa ameivunja mila yeye kwanza. Angeweza kuuliza yeye swali la ng'ombe. Alikuwa na haki hiyo. Lakini wakamwana zake mwenyewe waliinama akipita mume wake, na mambo hayo yalimpendeza. Tena hakutaka hakimu, mtu wa digrii, amwone mshamba wa mila.

"Mzee wa baraza, una swali?"

"Sina, mheshimiwa," alisema mama Ikupa, akarekebisha kitenge.

*

Nje, chini ya tangazo la kukataza rushwa, Liberatus alimvuta dada yake pembeni.

"Una akili wewe? Kwetu Iringa ungekaa kimya hivyo?"

"Siyo kwetu hapa."

"Ndiyo, siyo kwetu! Ndiyo maana wanakunyang'anya!" Alishusha sauti, maana askari alikuwa akiwatazama. "Dada, nimemuuliza karani. Kutokuuliza ni kukubali. Umekubali kwamba nyumba ni ya mzee. Umekubali ulimkimbia mume."

"Sikukubali. Nimeheshimu."

"Kule ndani hawana neno hilo."

"Tutafute wakili basi."

"Nimeshauliza. Bei yake ni nyumba nyingine." Liberatus alikuwa fundi baiskeli Mlandege na nauli yenyewe aliikopa kwa shemeji yake wa hukohuko Iringa. "Siku ya ushahidi wako utasimama wewe. Utasema yote. Hapo usifanye upuuzi."

Mama mkwe alipita na mashangazi. Alisimama, akamshika Apolonia mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umetuheshimu leo. Watu wote wameona."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloudhi. Apolonia alipiga goti kidogo, akashukuru. Liberatus alitema mate kwenye majani.

*

Siku ya utetezi wake Apolonia alikuja na shahidi mmoja, fundi Benjamini, aliyeijenga nyumba ile kuanzia msingi hadi bati. Majirani walikuwa wameahidi. Asubuhi hiyo mmoja alikuwa na msiba na mwingine simu yake haikupatikana.

Fundi alisema kwamba aliyemlipa ni Ambokile, kila awamu, mkononi, na kwamba yeye hakuwahi kumwona mzee kwenye ujenzi. Hakimu akaandika. Kisha mzee Yotamu akaruhusiwa kumuuliza, naye akauliza swali moja alilofundishwa mgahawani.

"Fundi, hela alikupa mwanangu. Yeye aliitoa wapi?"

"Alikuwa Makongolosi..."

"Ulikuwepo akiipata?"

"Sikuwepo."

"Basi aliitoa wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje, mzee? Mimi fundi."

"Nashukuru, mheshimiwa. Sina zaidi."

Ikafika zamu ya Apolonia. Aliapa, akaanza kusema, na mwanzoni alisema vizuri. Alisema juu ya Makongolosi, maji ya tofali, kifua cha Ambokile, ugonjwa wa mama yake. Aliongea akimtazama hakimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachokisema. Hata mama Ikupa alitikisa kichwa kumkubalia. Kama shauri lingeishia hapo, huenda nyumba ingebaki.

"Mwombaji, muulize mpingaji."

Mzee Yotamu akageuka, akamkabili mkamwana wake kwa mara ya kwanza maishani. Apolonia alivuta khanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akageuza mwili wote akampa mgongo.

"Mwaka ule ulikuwa Iringa au hukuwa?"

Hakujibu.

"Mama, unaulizwa," hakimu alisema. "Na mtazame anayekuuliza."

"Mheshimiwa, naomba nijibu hivihivi."

"Mbona mimi ulikuwa unanitazama vizuri? Ikifika zamu ya kuulizwa unajificha. Toa hiyo khanga."

"Mheshimiwa, kwa hawa wenzetu..."

"Hapa hakuna wenzetu, kuna sheria. Toa khanga. Anayesema kweli hafichi uso."

Askari wa mahakama alisogea hatua moja. Apolonia aliivua khanga kichwani, akaikunja mkononi, akasimama kichwa wazi mbele ya mkwewe, macho yameganda kwenye viatu vyake vya plastiki. Shangazi mmoja nyuma aliguna kwa aibu kana kwamba ameona mtu akivuliwa nguo.

"Ulikuwa Iringa?"

"Nilikwenda kumuuguza..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo," alisema kwa sauti ambayo karani aliomba irudiwe.

"Mwanangu alipokuwa Makongolosi anaumwa, ulikuwa Iringa?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe wangu ulijua idadi yake?"

"Sikujua."

"Basi utajuaje kama niliuza au sikuuza?"

Hakujibu tena. Hakimu alingoja kidogo, akaandika kwa muda mrefu. Alichokiandika hakikuwa maneno ya Apolonia, kwa sababu hakuwa amesema kitu. Aliandika namna alivyosimama.

Hakimu Veneranda hakula rushwa. Afadhali angekula, tungejua pa kumlaani. Alifanya kazi kama alivyofundishwa: sikiliza pande mbili, tazama mashahidi wanavyosema, usiingize ya kwako. Utaratibu huo Waingereza waliutengeneza kwao, ambako mtu akishtakiwa anasimamiwa na mtu wa joho aliyesomea kuuliza, na muulizaji hana ukwe wowote na anayeulizwa. Huku kwetu kwenye mahakama ya mwanzo wameleta utaratibu na joho wamelisahau bandarini. Wanamwambia mjane: haya, mhoji baba mkwe wako.

*

Hukumu ilisomwa Ijumaa, mvua ikinyesha kidogo. Hakimu alisoma haraka, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwombaji alieleza kwamba nyumba ilijengwa kwa fedha yake. Mpingaji alipewa nafasi ya kumhoji juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja, akasema hana swali. Ushahidi usiohojiwa mahakama inauchukulia kuwa umekubaliwa. Aidha, mpingaji alipohojiwa hakuweza kumtazama mwombaji, alisitasita, na mwenendo wake kizimbani haukuishawishi mahakama kwamba anasema kweli. Wazee wa baraza wote wawili walikuwa na maoni hayohayo.

"Kwa hiyo nyumba ya Ilomba haimo katika mali ya marehemu. Ni mali ya mwombaji. Mpingaji aikabidhi. Haki ya rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ipo, ndani ya siku thelathini. Shauri limefungwa."

Watu walitoka wakapeana mikono. Lusekelo alikuwa tayari anaongea na simu, akimwelekeza mtu kufuli la ukubwa gani anunue. Mzee Yotamu alisimama barazani katikati ya ndugu zake, kofia kichwani, akingoja mvua ipungue. Obeid alikuwa kando yake na tai yake.

Apolonia alitoka wa mwisho. Liberatus alidhani anakwenda getini. Hakwenda getini. Alikata baraza moja kwa moja, watu wakampisha wakidhani anakwenda kupiga goti, akasimama mbele ya mzee karibu kabisa, akainua macho akamtazama usoni. Akaona kwamba mkwewe alikuwa na makengeza kidogo jicho la kushoto. Miaka yote ile hakuwa amelijua hilo.

"Yotamu Mwakisyala," alisema.

Shangazi mmoja alipiga yowe. Mama mkwe alijifunika uso.

"Yotamu Mwakisyala, nakuuliza. Hao ng'ombe uliwauza mnada gani? Alinunua nani?"

Mzee alirudi nyuma akagonga nguzo. Akamtazama Obeid, Obeid akatazama mvua.

"Nijibu! Ng'ombe gani?"

"Wewe mwanamke!" mzee alifoka. "Ng'ombe, ng'ombe! Ng'ombe wa nini? Mtoto nimemzaa mimi! Alichochimba ni changu! Nilihitaji kuuza ng'ombe kwa ajili ya nyumba ya mwanangu mwenyewe?"

Baraza zima lilisikia. Karani alisikia akiwa na funguo za ofisi mkononi. Mama Ikupa alisikia, alikuwa anafungua mwavuli wake.

Apolonia alimgeukia. "Mama, umesikia. Ameshasema. Mwiteni hakimu aandike."

"Mwanangu," mama Ikupa alisema polepole, bila kumtazama, "ungesema ndani. Sasa tumeshafunga." Akafungua mwavuli akashuka ngazi.

Hapo ndipo ukoo ulipoamka. Watu waliosikiliza uongo vikao vyote bila kukohoa, sasa kila mmoja alikuwa na sauti. Amemtaja mkwe! Amemtazama machoni! Mhehe ni Mhehe tu, hafundishiki! Mjomba mmoja alisema kwamba lazima atoe ng'ombe wa kumsafisha mzee, la sivyo balaa litaingia kwenye ukoo.

"Achukue mmoja kwenye wale aliouza," Apolonia alisema.

Mama mkwe aliondoa mikono usoni. Alikuwa analia. "Nilikupenda kuliko binti zangu," alisema. "Umenivua nguo leo."

"Mimi walinivua ndani, mama. Ulikuwa umekaa benchi la pili."

*

Jumatatu Liberatus alimpeleka Mahakama ya Wilaya kufungua rufaa. Ijumaa ileile jioni Lusekelo alikuwa amekwishafunga kufuli lake jipya, na watoto walilala kwa fundi Benjamini. Karani wa pale alikuwa kijana mpole. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatisha, jambo ambalo halikuwa limewatokea katika jengo lolote la serikali tangu shauri lianze.

"Pole sana, mama. Rufaa tutaipokea," alisema. "Ila nikwambie ukweli usije ukanilaumu. Huku hamtaitwa kutoa ushahidi upya. Mheshimiwa atasoma mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa kule chini."

"Lakini mzee amekiri. Barazani. Watu wote walisikia."

"Barazani haimo kwenye faili."

"Na nikimweleza hakimu kwa nini sikuuliza?"

"Utasema nini?"

"Kwamba alikuwa mkwe wangu."

Kijana alifikiri kwa nia njema kabisa, kalamu hewani. "Hiyo sijui tuiweke kwenye sababu ipi," alisema.

"Na kule juu zaidi? Mahakama Kuu?"

"Ni faili lilelile, mama, linapanda ngazi. Hata likifika Rufani, ni lilelile."

Liberatus alianza kubishana naye. Apolonia hakuwasikiliza. Aliomba aonyeshwe hilo faili, lililokuwa limeletwa asubuhi hiyo kutoka kule chini, na kijana, ambaye hakupaswa, alimgeuzia kurasa juu ya kaunta. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Maji ya tofali yalikuwa yamekuwa nusu sentensi. Kifua cha Ambokile hakikuwamo. Akafika pale palipoandikwa kwa mwandiko safi wa hakimu: Mpingaji, hana swali. Akarudi juu akasoma tena, akashuka, ikawa ileile.

"Nipe kalamu," alimwambia kijana.

"Mama, hapo hapaandikwi tena."

"Najua. Nipe nisaini hiyo rufaa yako."